Saa 72 kitandani kwa mumeo: mwanamke mweusi enzi za makaburu

Bibi wa Mafiga (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye uzi mmoja wa Mandela kuna mchangiaji alishusha hoja kwamba enzi za makaburu kule Afrika Kusini walioteseka hasa ni wanaume. Ndio waliokwenda migodini, ndio waliodaiwa pasi (hati ya kuruhusiwa kuwa mjini) barabarani, ndio waliojaa gereza la Robben Island. Wanawake, akamalizia, "walikuwa nyumbani tu." Akagongewa like za kutosha. Nikaanza kumjibu palepale, nikaona jibu linazidi mada yenyewe kwa urefu, basi nimefungua uzi wangu. Mods naomba msiuunganishe na ule. Mwenye haraka apite, arudi wikiendi.

Tuanze na hilo neno nyumbani. Nyumbani wapi?

Kulikuwa na sheria ya maeneo ya mijini, na ndani yake kifungu cha 10, ambacho kilikazwa mwaka 1952. Kwa ufupi kilisema Mwafrika asikae mjini zaidi ya saa 72, isipokuwa awe amezaliwa hapo na hajahama. Au awe amemtumikia mwajiri mmoja miaka 10 mfululizo, au ameishi hapo kihalali miaka 15. Au awe mke, binti asiyeolewa, au mtoto wa kiume wa chini ya miaka 18 wa mtu mwenye sifa hizo. Au awe na kibali cha ofisi ya kazi.

Rudia kusoma hapo kwenye mke. Haki yake ya kulala mjini ilikuwa imeshonewa ndani ya koti la mumewe. Mume akifukuzwa kazi mwaka wa tisa, hesabu yake inarudi sifuri na ya mke inarudi nayo. Nyumba za kwenye vitongoji vya weusi ziliandikwa jina la mwanamume, kwa hiyo mume akifa au akimwacha, mama wa watu anatoka makaburini, au mahakamani, akiwaza pa kulaza watoto.

Na hao ni wake wa wenye bahati. Wanaume wengi walikuwa wa mkataba, na kuanzia 1968 kanuni zikataka mkataba wa mtu aliyetoka kwenye maeneo waliyotengewa weusi uishe kila mwaka, arudi kwao, asaini upya. Miaka 10 mfululizo ikawa haitimii hata ufanye kazi mpaka meno yang'oke. Mke wa mtu huyo hakuwa na kifungu cha kumbeba. Alikuwa mgeni. Anapanda treni Transkei, mojawapo ya maeneo hayo waliyotengewa, na mtoto mgongoni, anafika Johannesburg Ijumaa jioni, Jumatatu jioni ni mhalifu. Hajaiba, hajampiga mtu. Amelala na mumewe usiku wa nne.

Kwenye hosteli za wanaume hata hizo siku tatu hazikuwepo, mwanamke kukutwa ndani ni kosa. Wakaingia hivyohivyo. Daktari Mamphela Ramphele alipofanya utafiti kwenye hosteli za Cape Town miaka ya 80 alikuta anwani ya familia ni kitanda. Si nyumba, si chumba, kitanda. Mume, mke na watoto wana kitanda kimoja, kwenye chumba chenye vitanda vingine vya familia nyingine. Sufuria chini ya kitanda, nguo zimening'inia juu ya kitanda.

Mwaka 1980 mahakama ya rufaa ya Bloemfontein iliamua kesi ya Komani wa Guguletu, Cape Town. Mume alikuwa na sifa zote za kukaa mjini. Mke akaambiwa aondoke kwa sababu hana kibali cha upangaji. Mahakama ikasema ana haki ya kukaa na mumewe. Nataka mlione hilo vizuri: mtu na ndoa yake walilazimika kwenda mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi ili walale chini ya paa moja.

Kuhusu pasi yenyewe. Sheria ya 1952 iliyoleta kile kitabu cha pasi kwa Waafrika wote iliitwa, nisikilizeni, Sheria ya Kufuta Pasi. Ilifuta makaratasi ya zamani, ikaleta kitabu kimoja chenye picha yako, mihuri ya ofisi ya kazi na sahihi ya mwajiri. Watu wakakiita dompas, pasi ya kijinga. Walianza na wanaume. Wanawake wakaanza kugawiwa 1956, na kufikia Februari 1963 kila mwanamke Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuwa nacho. Kwa hiyo ndugu yangu wa "nyumbani tu", hata hilo la pasi umekosea.

Nachemsha chai, nakuja na sehemu ya jikoni.

Chumvi Nyingi

Nimeweka kambi. Ila mleta mada, hapo kwenye miaka 10: bosi akijua hesabu si atakutimua mwaka wa tisa makusudi?

Bibi wa Mafiga

Hata asipokutimua, ameshakushika. Utamwomba nyongeza ya mshahara wakati miezi sita ijayo ndiyo inayoamua kama mkeo anabaki au anaondoka? Bosi hana haja ya kutamka kitu.

Mswahili wa Kisauni

Huku kwetu Kenya Waingereza waliwaning'iniza wanaume kipande, kile cheti cha kazi, shingoni baada ya vita vya kwanza, ndani ya kijaluba cha bati. Wanawake hawakuvishwa. Huko mbona makaburu walichelewa hivyo kuwapa wanawake, mpaka 1956? Nauliza tu, dadangu.

Bibi wa Mafiga

Hawakuchelewa kaka. Walijaribu mapema wakaungua vidole. Kuna 1913 inakuja, vuta subira.

Jikoni sasa.

Mwanamke mweusi asiye na mume mwenye sifa, akitaka kukaa mjini bila kukimbizana na polisi, mlango mpana uliokuwa wazi ulikuwa utumishi wa ndani kwa wazungu. Unapewa chumba uani, nyuma ya gereji. Wazungu walikiita kaya. Neno walilitoa kwa Wazulu, ikhaya, na ni ndugu wa kaya yetu hii ya sensa, ya "mkuu wa kaya nani?" Kwetu kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Kwao ikawa chumba cha mtu mmoja kwa amri ya sheria. Mume hana ruhusa ya kulala humo. Mtoto hana ruhusa ya kuishi humo. Polisi walikuwa wakipita usiku kusaka vyumba vya uani na kumulika tochi. Kitanda chenyewe mara nyingi kilipandishwa juu ya matofali, kwa kumkwepa tokoloshe, kale kajini kafupi ka kule kanakosumbua watu usingizini. Tokoloshe alishindwa kufika. Askari hawakushindwa.

Sahani yake ya bati, kikombe chake cha bati, havichanganywi na vya wenye nyumba. Buchani kulikuwa na nyama ya watumishi, inauzwa kwa jina hilo kabisa, na kila mtu anajua ni vipande gani. Kwao anaitwa Nontsikelelo, kwa madamu anaitwa Mary, maana madamu hana muda wa kujifunza jina refu. Ana wajukuu, lakini kwenye nyumba ile ni "msichana". Mikono hiyohiyo isiyoruhusiwa kugusa kikombe cha mwenye nyumba ndiyo inayomwogesha mtoto wake, inamlisha, inambeba mgongoni mpaka alale.

Kuna picha moja ya mpigapicha Peter Magubane, Johannesburg 1956. Mnaweza kuitafuta. Mtoto wa kike wa kizungu amekaa kwenye benchi la bustani lililoandikwa ni la wazungu tu. Yaya wake, amevaa sare ya kazi, amekaa nyuma, upande wa pili wa benchi lilelile, mkono ameunyoosha kwa mtoto. Tangu 1953 kulikuwa na sheria maalumu ya kutenganisha mabenchi, fukwe, milango ya posta, vyoo. Nimeitazama hiyo picha mara nyingi, na kinachonishangaza si ukatili wake. Ni ustadi wa yule mama. Amepata namna ya kufanya kazi yake bila kuvunja sheria, kwa kugeuza mgongo tu. Ukifikiria ni mara ngapi kwa siku mtu anatakiwa kupiga hesabu kama hiyo (nikae wapi, niingie mlango gani, choo kiko mtaa wa ngapi), unachoka kabla hujaosha hata kijiko.

Siku yao ya mapumziko ilikuwa Alhamisi mchana. Ndiyo maana mikutano ya manyano, yaani vikundi vya maombi vya akina mama makanisani, ilifanyika Alhamisi. Wamethodisti walivaa blauzi nyekundu, kola nyeupe, sketi nyeusi. Hebu fikiria, siku sita umevaa sare aliyokununulia mwenye nyumba, Alhamisi unavaa sare yako mwenyewe, unasimama mbele ya wenzio, unaitwa kwa jina lako, unalia hadharani na hakuna anayekuuliza kwa nini chai imechelewa. Wasomi wengine wamewadharau wale kina mama kwamba walikuwa wanapoteza muda kwa kusali. Mimi siwadharau. Kujipanga kwa vikundi walikujua kabla hakijaja chama chochote kuwafundisha.

Na mtoto wa yaya? Yuko kwa bibi, kwenye lile eneo la asilimia 13 ya nchi ambalo sheria ya 1936 iliwaachia Waafrika (ile ya 1913 iliwapa kama asilimia 7 tu). Sasa huyo bibi ndiye "aliyekuwa nyumbani". Ardhi imechoka, kuni ziko mbali, wajukuu sita wa mabinti watatu, na macho yako njiani kwa yeyote anayetoka mjini na bahasha. Juu ya hayo, sheria ya 1927 ilimhesabu mke wa ndoa ya kimila kama mtoto aliye chini ya ulezi wa mumewe. Mlezi mwenyewe yuko Johannesburg miezi kumi na moja ya mwaka, chini ya ardhi.

Daktari wa Baiskeli

Bibie umeandika vizuri, lakini mbona kama unatusema sisi? Chumba cha uani, sahani yake peke yake, jina la kubandikwa, mtoto kaachwa kwa bibi kijijini. Hiyo si Johannesburg ya 1956, hiyo ni Mbezi ya leo asubuhi.

Bibi wa Mafiga

Umenipata, na sitajitetea sana. Nina dada wa kazi, mwanawe yuko Kilosa kwa mama yake. Tofauti moja tu sitaki ipotee: akiamka kesho akasema naenda kumwona mwanangu, anapanda basi Msamvu na hakuna askari wa kumwuliza muhuri. Na mwanawe akija hapa hakuna sheria ya kumtoa. Kule, madamu hata angekuwa mwema kama malaika, sheria ilikuwa inamsubiri mlangoni. Hapa yanayobaki ni ya kwangu, siwezi kuisingizia serikali. Sahani zetu ni moja. Mshahara tusiuongelee kwenye uzi huu.

Ndulu wa Kiwira

Kwetu Rungwe habari hii ina upande wake. Wazee wetu walikwenda Wenela, ndivyo walivyoliita lile shirika la kuandikisha vibarua wa migodi ya kusini. Babu mzaa baba alikwenda mara mbili, kabla serikali yetu haijasimamisha mambo hayo baada ya uhuru. Alirudi na baiskeli, blanketi mbili na kifanakalo, kile kilugha cha mgodini cha kuamrishana. Bibi alikuwa akituambia: "Wenela ilinipa baiskeli, ikala miaka yangu mitatu." Hakuna kaburu aliyemgusa hata kucha. Lakini nikisoma hicho kifungu chako cha 10 namwona akipalilia migomba peke yake, baba yangu mgongoni.

Bibi wa Mafiga

Asante Ndulu. Ile dhahabu ilikuwa na wake wengi kuliko tunavyojua, mpaka Malawi na Msumbiji.

Sehemu ya chungu. Hii ndiyo ninayoipenda, maana wanawake wa uswahilini mtaielewa bila mkalimani.

Asiyepata kazi ya ndani, au asiyetaka kumwacha mtoto wake akalee wa mwenzie, alikuwa na njia mbili kubwa: kufua nguo za wazungu au kupika pombe. Pombe ilikuwa na faida ya kupikwa nyumbani. Unga wa mahindi, kimea cha mtama, maji, debe, na subira ya siku chache ichachuke. Umqombothi hauna tofauti kubwa na komoni yetu. Tatizo, serikali nayo ilitaka kuuza pombe.

Natal, upande wa Durban, walitunga sheria mwaka 1908 iliyoipa manispaa haki ya pekee ya kupika na kuuza pombe ya Waafrika kwenye vilabu vyake. Faida ikagharamia ofisi za kuwasimamia Waafrika haohao. Durban ilifanikiwa nayo mpaka miji mingine ikaiga. Hebu ulione duara lenyewe: baba anakunywa kwenye kilabu cha manispaa, senti yake inaendesha ofisi inayotuma watu kumwaga debe la mkewe. Mama naye amelifukia hilo debe uani, amesawazisha udongo juu, amewasha moto wa kuni palepale au amemweka mtoto achezee hapo. Askari wanakuja na vyuma virefu wanachoma ardhi, wakisikiliza bati liko wapi.

Miriam Makeba mnamjua, Mama Afrika. Alizaliwa Machi 1932 karibu na Johannesburg. Alikuwa na siku 18 tu mama yake alipokamatwa kwa kuuza umqombothi. Faini ikamshinda. Akafungwa miezi sita, na kichanga kikaenda naye. Mwaka 1960 mama huyo akafariki, binti yupo Marekani ameshaanza kuvuma, alipotaka kurudi kuzika akaambiwa pasipoti yake imefutwa. Serikali ilimfunga na mama yake akiwa hajui kugeuka, ikamzuia asimzike alipokuwa mtu mzima. Mimi nikiisikia sauti yake siku hizi nawaza debe.

Juni 1959, Cato Manor, kitongoji cha Durban. Manispaa inapita kumwaga pombe za watu kwa kisingizio cha kampeni dhidi ya homa ya matumbo. Kina mama wakachoka. Wakachukua fimbo wakaingia kwenye vilabu vya manispaa, wakawatoa wanaume mbio na kumwaga pombe ya serikali chini. Hapo ndipo wanaume wengi walipojua hasira ya wanawake haikuwa kwa polisi peke yao. Fujo zikasambaa Natal. Wanahistoria wanaandika "ghasia za vilabu vya pombe" kana kwamba wale wanawake walikuwa walevi.

kisu_butu

Yote sawa, ila hao unaowalilia ndio leo wanachoma maduka ya Wasomali na kuwafukuza Wazimbabwe. Sitoi chozi hapa.

Bibi wa Mafiga

Hilo lipo, 2008 tuliliona kwa macho na halijaisha. Lifungulie uzi, nitakuja, na tutakubaliana mengi kuliko unavyodhani. Hapa naongelea mama wa debe. Yeye hajamchomea mtu duka.

Chumvi Nyingi

Mleta mada usiyumbishwe. 1913 iko wapi?

Bibi wa Mafiga

Hii hapa. Bloemfontein, jimbo la Free State. Manispaa za huko ziliwadai wanawake weusi vibali vya kila mwezi, mpaka cha kukaa tu mjini. Mwaka 1913 wakagoma kuvibeba, wakaandamana, wakaenda jela kwa makundi. Miongoni mwa wanaotajwa kwenye uongozi ni Charlotte Maxeke, mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kupata shahada, aliyoisomea Marekani. Serikali ikarudi nyuma, na kwa miaka karibu arobaini ikaogopa kuwagusa wanawake kwa pasi. Ndiyo jibu la kaka wa Kisauni.

Walipojaribu tena 1956, walianza na vimji vidogo wakidhani huko hakuna kelele. Winburg, Machi 1956, kina mama wakapewa vitabu, wakavichoma moto. Tarehe 9 Agosti wanawake wapatao 20,000 wakafika Pretoria, kwenye majengo ya serikali. Mbele walikuwa Lilian Ngoyi, mshona nguo wa kiwandani; Helen Joseph, mzungu; Rahima Moosa, mwenye asili ya India; na Sophia Williams, chotara wa miaka 18. Wengi wana watoto mgongoni. Baadhi ya watumishi wa ndani walikuja na watoto wa kizungu wanaowalea, maana mtoto humwachi peke yake. Hapo huwa nacheka kila mara. Umekwenda kuipinga serikali ya wazungu, na mtoto wao umemshika mkono asipotee.

Waziri mkuu Strijdom hakuwepo. Wakayaacha marundo ya hati za malalamiko mlangoni kwake, wakasimama kimya nusu saa. Watu 20,000, na vichanga ndani yake, kimya. Kisha wakaimba Nkosi Sikelel' iAfrika, ambayo sisi huku tunaiimba Mungu Ibariki Afrika. Siku ile ndipo ulipovuma msemo wao, wathint' abafazi, wathint' imbokodo: umewagusa wanawake, umegusa jiwe. Wengi hutafsiri mwamba. Lakini imbokodo si mwamba wa mlimani, ni lile jiwe la mkononi la kusagia nafaka. Jiwe la jikoni, linaloshikwa kila siku mpaka linapata umbo la kiganja.

Je, walishinda? Hapana. Nimeshataja 1963. Pasi zilifutwa 1986, miaka 30 baadaye, na Lilian Ngoyi hakuiona siku hiyo. Alipigwa marufuku miaka mingi asihutubie wala kutoka eneo lake, akawa anashona nguo nyumbani kwake Soweto, akafariki 1980.

Ila kuna ushindi mwingine hauna tarehe. Cape Town makaburu waliamua machotara ndio wapewe kazi kwanza na wanawake Waafrika waondolewe kabisa. Wakavunjiwa vibanda, wakapakiwa kwenye mabasi kurudishwa Transkei, wakashuka, wakageuza. Crossroads ilianza 1975 kwa mabati na plastiki, tingatinga zikawamezea mate miaka yote ile, na kamati ya wanawake ikasimama. Mwanzoni mwa miaka ya 80, vichakani Nyanga, kuna waliolala kwenye vibanda vya matawi na plastiki wanavyovisimamisha jioni, na alfajiri wanavibomoa wenyewe na kuficha vifaa kabla polisi hawajafika. Usiku wanajenga upya. Nyumba inajengwa na kubomolewa kila siku kwa mikono ileile, ili tu mtu alale karibu na mumewe.

La mwisho, halafu nilale. Watumishi wa ndani hawakuwa na kima cha chini cha mshahara mpaka 2002, miaka minane baada ya uhuru. Mwaka 2012 mtumishi mmoja wa Pretoria, mwenye macho mabovu na asiyejua kuogelea, alizama kwenye bwawa la waajiri wake akiwa kazini. Sheria ya fidia ya ajali kazini haikuwahesabu watumishi wa ndani kuwa wafanyakazi. Binti yake akaipeleka kesi mpaka Mahakama ya Katiba, kesi ya Mahlangu, akashinda Novemba 2020. Mahakama hiyo imejengwa Johannesburg juu ya uwanja wa gereza la zamani. Jela ya wanawake bado ipo pembeni yake. Humo ndimo walimolazwa wale wa pasi na wale wa debe.

Mtoto wa Msamvu

Bibi wa Mafiga, shikamoo kama ni mkubwa kwangu. Nimesoma kimya tangu mwanzo. Umetaja Charlotte Maxeke nikashtuka, maana pale Mazimbu, Morogoro, kwenye shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, kituo cha watoto wadogo kilipewa jina lake. Sisi tulikiita Charlotte tu, tukidhani ni mzungu mfadhili.

Mama yangu alikuwa na rafiki yake mmoja wa kule, mkimbizi, walikuwa wakienda sokoni Morogoro pamoja. Mama anasema tatizo lilikuwa barabarani. Wakikutana na polisi, hata trafiki anayejinunulia karanga, yule dada anasimama na mkono unaingia kifuani kutafuta kitu. Mama anamwambia, twende, hapa hakuna. Anacheka, wanatembea. Mbele kidogo polisi mwingine, mkono tena kifuani.

Alikuwa na mwaka wa saba Tanzania.

Bibi wa Mafiga

Marahaba mwanangu. Mama bado yupo? Muulize kama anakumbuka jina la yule dada, la kwao, siyo la kupewa.